Waliopima vichwa vya watu



Mfugaji huwagawa ng'ombe wake. Huyu ni wa kienyeji, yule ni wa kisasa. Je, binadamu nao wanaweza kugawanywa hivyo? Zamani walikuwako wataalamu wa Ulaya waliosema ndiyo.

Mmoja wao alikuwa Mjerumani, Johann Friedrich Blumenbach. Alikusanya mafuvu ya vichwa vya watu wa nchi nyingi. Mwaka 1795 aliandika kwamba watu wote wamo katika mafungu matano, kila fungu na sehemu yake ya dunia. Fuvu alilolipenda kuliko yote lilikuwa la mwanamke wa Georgia, nchi iliyo kwenye milima ya Caucasus. Basi Wazungu wote wakapewa jina la milima ile. Fuvu moja tu, zuri machoni pa mtu mmoja!

Blumenbach mwenyewe alisema binadamu wote ni jamii moja. Wengi waliomfuata hawakulijali neno hilo. Wakaanza kusema nani yuko juu, nani yuko chini.

Walipima nini? Walipima urefu wa kichwa na upana wake. Walipima pua. Mtaalamu mmoja wa Berlin, Felix von Luschan, alitumia vipande 36 vya kioo vyenye rangi mbalimbali. Kipande kiliwekwa karibu na ngozi ya mtu ili aandikiwe namba ya rangi yake. Tena alitaka mafuvu. Wakati huo nchi yetu ilitawaliwa na Wajerumani. Makaburi yakafukuliwa, na mafuvu yakapelekwa Ulaya kwa meli.

Habari ya Mkwawa, Mtwa wa Wahehe, unaijua. Alikufa mwaka 1898, na kichwa chake kikakatwa. Mwaka 1954 Gavana Twining alileta fuvu kutoka Bremen, Ujerumani, nalo limewekwa Kalenga. Lakini alilijuaje? Huko Bremen yalikuwako mafuvu mengi. Yalitafutwa yale ambayo kipimo chake kilikaribiana na vichwa vya jamaa za Mkwawa. Ndiyo elimu ile ile ya kupima vichwa. Na udhaifu wake ni huu: watu wengi wasio na undugu wana vichwa vya kipimo kimoja. Kwa hiyo wako wanaouliza mpaka leo kama fuvu lile ni lake kweli.

Rangi ya ngozi nayo haitoshi kuwagawa watu. Ngozi nyeusi huukinga mwili na jua kali. Ngozi nyeupe hufaa penye jua haba, kwa sababu mwili unahitaji jua ili mifupa iwe imara. Watu wa Papua ni weusi, na nywele zao ni za kipilipili kama zetu. Hata hivyo kwa nasaba wako karibu zaidi na watu wa Asia kuliko sisi.

Mwaka 1972 Richard Lewontin wa Marekani alipima tofauti zilizomo ndani ya damu. Aliona kwamba katika kila tofauti 100 za binadamu, kiasi cha 85 ziko kati ya watu wa mahali pamoja. Yaani nyingi ziko kati yako na jirani yako hapo kijijini. Zinazobaki kati ya nchi na nchi ni chache.

Siku hizi kuna njia nyingine ya kutambua fuvu. Wataalamu huchunguza vinasaba, yaani chembe za urithi ambazo mtoto huzipata kwa baba na mama. Mwaka 2017 makumbusho ya Berlin ilianza kuchunguza mafuvu zaidi ya 1,100 ya Afrika Mashariki. Mengi yalitoka Rwanda, na kiasi cha 200 yalitoka Tanzania. Fuvu moja lilikuwa limeandikwa neno "Akida". Huyo alikuwa mshauri mkubwa wa Mangi Meli wa Wachagga, aliyenyongwa Moshi mwaka 1900. Wazao wa Akida wakatafutwa, vinasaba vikalinganishwa, vikapatana. Mwaka 2023 jamaa zake walipelekewa habari kwamba babu yao ameonekana.