Hakimu hakukuhukumu kutambaa

Chukulia ni jioni pale Keumbu, kando ya barabara ya kutoka Kisii kwenda Keroka. Msako wa chang'aa unafika ghafla. Wenzako wanatimua mbio, lakini wewe miguu yako ni kiti cha magurudumu. Maafisa wanakubeba juu juu hadi kwenye Land Rover. Na kiti je? Ati kitaletwa baadaye.

Adhabu imeshaanza, na hakimu bado hujamwona. Bila kiti, kufika chooni ni kutambaa kwenye sakafu ya seli, na aliyewahi kulala korokoroni anaijua sakafu hiyo. Choo chenyewe ukikipata ni cha kuchuchumaa. Utachuchumaaje?

Najua kuna atakayesema, "Si angekaa mbali na makosa?" Tulia kidogo, buda. Kifungu cha 51 cha Katiba kinasema aliye kizuizini au gerezani anabaki na haki zake zote, ila zile ambazo haziwezi kabisa kwenda pamoja na kufungiwa. Kuwa na kiti chako hakuzuii mlango wa seli kufungwa. Kifungu cha 54 nacho kinampa mwenye ulemavu haki ya kuheshimiwa utu wake na kupata vifaa vya kumsaidia. Hakuna mahali kimeandika "isipokuwa mahabusu". Ukifungwa miezi sita, umefungwa miezi sita tu. Hakimu hakuongeza kutambaa.

Uingereza walijifunza hili kwa aibu. Mwaka 1995, Adele Price, mwanamke anayetumia kiti cha magurudumu, alifungiwa katika kituo cha polisi cha Lincoln kwa kudharau mahakama katika kesi ya deni. Kitanda cha seli hakikumfaa, akalala kwenye kiti chake usiku kucha, kwa baridi. Mwaka 2001 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua kwamba alidhalilishwa, ingawa haikuona ushahidi kuwa kuna aliyekusudia kumdhalilisha. Hiyo sehemu ya mwisho ndiyo inanikera zaidi, maana hata huku kwetu hakuna anayekusudia. Ngazi zilijengwa tu, choo kikachimbwa tu.

Kwa makosa madogo, hakimu anaweza kutoa kifungo cha huduma kwa jamii. Sheria hiyo tunayo tangu 1998. Na wewe jirani, rafiki yako akikamatwa, usiishie kurekodi video. Sukuma kile kiti hadi kituoni usiku huohuo, kikabidhi kwenye kaunta, na usiondoke kabla hakijaandikwa kwenye OB.