Unene wa Mji ni Wavu wa Nyuzi Nyingi



Watu wengi husema, "Mtu mnene ni mlafi. Apunguze kula, atapona." Neno hili lina kweli kidogo, lakini halitoshi. Kama lingetosha, wanene wangekuwa wachache, kwa maana wameambiwa hivyo miaka mingi. Kumbe wanazidi. Shirika la Afya Ulimwenguni lilihesabu watu wazima milioni 890 wenye ugonjwa wa unene mwaka 2022. Hesabu hiyo imepita mara mbili ile ya mwaka 1990. Je, watu wote hao waliingiwa na ulafi kwa wakati mmoja? Haiwezekani. Kilichobadilika ni maisha yanayowazunguka.

Kwanza tujue unene ni nini. Mbelgiji mmoja wa karne ya 19, Adolphe Quetelet, alituachia hesabu yake. Chukua kilo za mtu, uzigawanye kwa kimo chake kilichozidishwa kwa kimo chake. Mama mwenye kilo 80 na kimo cha metre 1.60 anapata 31. Kwa mtu mzima, 25 na zaidi ni uzito uliopita kiasi. 30 na zaidi ni ugonjwa. Huna mizani? Tumia kamba. Pima kimo chako kwa kamba, uikunje katikati, uizungushe kiunoni. Kama ncha hazikutani, tumbo lako limezidi. Mafuta ya tumbo huleta ugonjwa wa sukari, tansio, na magonjwa ya moyo. Uzito nao huumiza magoti.

Sasa, sababu zake ni zipi? Mwaka 2007 wataalamu wa serikali ya Uingereza walichora ramani ya sababu za unene katika nchi yao. Walipata zaidi ya 100, na kila moja imefungwa kwa nyingine, kama nyuzi za wavu. Umeona wavu wa wavuvi wa Kasenga. Ukivuta uzi mmoja, nyuzi nyingine husogea. Ukikata mmoja tu, wavu haufunguki, na samaki bado yumo ndani.

Tutazame wavu huo hapa Katuba.

Uzi wa kwanza ni makala. Maharagi ni chakula chema, lakini yanataka saa nyingi motoni. Miti ya pori karibu na Lubumbashi imekatwa sana, makala yanatoka mbali, na bei inapanda. Umeme nao hukatika. Basi mama anahesabu faranga zake, anaacha maharagi, ananunua mkate mweupe na mandazi kwa watoto. Je, huyu ni mlafi? Ni mama mwenye akili anayeokoa makala. Lakini kesho muuza maharagi anaona wateja wamepungua, naye analeta machache. Muuza mandazi anaongeza karai. Hivyo soko lenyewe linatusukuma tulipokwisha kuanza kwenda.

Uzi wa pili ni kazi. Zamani, katika kambi za Union Minière, kampuni ilipima posho ya mfanyakazi: unga, mafuta, samaki, nyama. Mwaka 1967 mali yake ikawa ya taifa, na baadaye ikaitwa Gécamines. Kisha taabu ikaja, na kuanzia mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa. Mshahara ukipotea, nyumba hutafuta chakula cha kushibisha kwa bei ndogo: bukari ya unga mweupe, mafuta ya ngazi, sukari. Mama anakwenda kuuza, anakaa kwenye meza yake tangu asubuhi, hali chakula cha kweli. Usiku anakula kwa wingi, analala.

Uzi wa tatu ni miguu. Mtu mzito huumwa na magoti. Kwa hiyo hatembei, anapanda pikipiki. Kwa kuwa hatembei, anazidi kuwa mzito, na magoti yanaumwa zaidi. Ni gurudumu linalojizungusha lenyewe.

Uzi wa nne ni maneno ya jirani. Mtu akinenepa, twasema, "Amebarikiwa, ako na amani." Akipungua, tunanong'ona kwamba ana sida. Munganga amemwambia apunguze kilo, naye anaogopa midomo ya barabarani kuliko tansio. Uzi huu haugharimu faranga hata moja kuukata.

Wengine watauliza: "Watoto wetu wana njaa, na ninyi mnasema habari ya unene?" Ndiyo, kwa maana njaa ni uzi wa wavu huu huu. Hesabu ya taifa ya mwaka 2013 na 2014 ilionyesha kwamba katika Congo watoto zaidi ya 4 kwa 10 walio chini ya miaka mitano ni wafupi kuliko inavyofaa, kwa kukosa chakula chema. Tena, Uholanzi ilipatwa na njaa kali mwaka 1944 na 1945. Vijana ambao mama zao walikuwa na njaa katika miezi ya kwanza ya mimba walionekana baadaye kuwa wanene kuliko wenzao. Mwili uliofundishwa njaa tumboni hujifunza kuweka akiba. Chakula cha sukari na mafuta kikija, huweka na kuweka. Ndiyo maana katika nyumba moja unaweza kumkuta mtoto aliyekonda na mama mnene. Hawa si magonjwa mawili ya watu wawili. Ni wavu mmoja.

Kwa hiyo sisi twaona hivi: kumwambia mgonjwa "kula kidogo" na kumrudisha katika wavu ule ule ni kazi nusu. Kila mtu ashike uzi ulio karibu na mkono wake.

1. Nyumbani: Loweka maharagi usiku kucha, yataiva kwa makala machache. Punguza mafuta katika sombe. Wakati wa mvua, panda lengalenga hata penye nafasi ndogo. Mpe mama mjamzito chakula chema kwanza.

2. Kanisani: Katika arusi na sikukuu, wekeni maji safi mezani pamoja na sukre, na karanga pamoja na mandazi. Chama cha wamama kinaweza kununua gunia la maharagi pamoja na kuligawa. Wazee wa kanisa wawakemee wanaocheka wanene na wanaosengenya waliokonda.

3. Wakubwa wa komini na wa nchi: Umeme, barabara ya kutembelea kwa miguu, na bei ya unga ni dawa pia. Afrika Kusini iliweka kodi juu ya vinywaji vya sukari mwezi wa Aprili 2018. Viwanda vikapunguza sukari katika chupa, na watu wakanunua sukari kidogo kwa njia hiyo. Hakuna mgonjwa mmoja angeweza kufanya hivyo peke yake.

Lakini wewe usikae ukiwangojea wakubwa. Mtu aliyenaswa katika wavu bado ana mikono. Kesho asubuhi pima kiuno chako kwa kamba. Kamba isipofika, njoo upimwe damu na tansio. Uje pamoja na anayepika nyumbani kwako, kwa maana chungu chenu ni kimoja. Na ukimwona jirani mnene anatembea polepole jioni ili apunguze uzito, usimcheke. Tembea naye.