Refa Akisema Basi

Muhula huu wanafunzi wengi wa shule yetu hapa Lizaboni wameomba uanzishwe mchezo wa ngumi. Walimu wengine wamekubali, wengine wamekataa, na wazazi kadhaa wamesema kwamba watoto wao hawakuletwa shuleni kupigwa. Mimi nauunga mkono mchezo huu, ila nina sharti moja. Nitalieleza kwa habari za mabondia wawili wa Afrika Mashariki.

Wa kwanza ni Ayub Kalule wa Uganda. Mwaka 1974 alipata medali ya dhahabu katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Christchurch, na mwaka huo huo akawa bingwa wa dunia wa ngumi za ridhaa huko Havana. Baadaye alihamia Denmark akaanza ngumi za kulipwa. Mwaka 1979 alikwenda Japani, akamshinda Masashi Kudo na kutwaa ubingwa wa dunia wa WBA katika uzito usiozidi kilo 70. Alishinda mapambano 36 bila kushindwa hata moja. Ndipo, Juni 1981, akakutana na Sugar Ray Leonard mjini Houston, Marekani. Katika raundi ya 9 aliangushwa. Alisimama, lakini refa akalivunja pambano.

Hapana shaka iliuma. Lakini Kalule aliondoka ulingoni kwa miguu yake mwenyewe. Alirudi tena, na mwaka 1985 akawa bingwa wa Ulaya. Mwaka 1986, aliposhindwa na Mwingereza Herol Graham, aliziacha ngumi.

Wa pili ni Robert Wangila wa Kenya. Huyu alipata dhahabu katika Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, na mpaka leo hakuna Mkenya mwingine aliyepata dhahabu ya ngumi katika Olimpiki. Naye akaenda Marekani kupigana ngumi za kulipwa. Julai 1994, mjini Las Vegas, alipigana na David Gonzalez. Refa alilivunja pambano katika raundi ya 9. Wangila alilalamika kwamba bado aweza kuendelea, na watazamaji wakamzomea refa. Muda si mrefu alizimia, akapelekwa hospitali, na siku mbili baada ya pambano akafariki. Alikuwa na umri wa miaka 26.

Yafaa tufahamu sababu. Ubongo ni laini, nao hutikisika ndani ya fuvu mtu apigwapo kichwani. Mshipa wa damu ukipasuka, mtu aweza kusimama na kusema, hata kudai kwamba ni mzima, huku damu ikivuja ndani polepole. Kwa hiyo bondia si shahidi mwema wa hali yake mwenyewe. Watazamaji ndio wabaya zaidi, kwani wao hawaumii.

Sasa tujitazame sisi. Wavulana wawili wakigombana nyuma ya bweni, twafanya nini? Twawazunguka na kupiga kelele, "Mpige! Mpige!" Yule anayerudi nyuma twamwita mwoga kwa muhula mzima. Tukiipeleka tabia hiyo ulingoni, kofia za kukinga kichwa na glavu nene hazitatuokoa, maana kijana ataendelea kupigwa kwa kuogopa vicheko vyetu.

Basi sharti langu ni hili. Mwalimu atakayekuwa refa apewe mamlaka kamili, na akisema basi, iwe basi. Bondia atakayebisha asipigane tena muhula huo. Mtazamaji atakayemzomea refa, au kumcheka aliyesimamishwa, atolewe nje, hata akiwa kiranja. Tena aliyepigwa kichwani akaanguka apelekwe kwa daktari siku ile ile, hata akisema ni mzima, wala asiguse glavu mpaka daktari aruhusu.

Wazee walisema kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Twaisema methali hii mara nyingi katika mpira, ambako kushindwa ni magoli tu. Katika ngumi ina uzito mkubwa zaidi. Wenzangu mnaotaka ngumi, likubalini sharti hili kwanza, ndipo twende pamoja kwa Mkuu wa Shule. Kama hamko tayari, heri tuendelee na mpira wetu.