Eneo la Wazi Lisilo na Bikoni Linasubiri Mnunuzi

Makamanda, leo siandiki kuhusu katiba mpya wala tume ya uchaguzi. Naandika kuhusu kipande cha ardhi kisicho na nyumba.

Isikizya ndiyo makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Uyui. Makao makuu yakihamia mahali, zinakuja ofisi, vinafuata viwanja, halafu madalali. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 2,291,623 mkoa wa Tabora. Ya 2022 ikahesabu 3,391,679. Zaidi ya watu milioni moja wameongezeka ndani ya miaka kumi, na wote wanahitaji pa kulala. Je, watoto wao watacheza wapi?

Tusidanganyane, sheria ipo. Nasoma sheria, hii naijua. Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007 imezipa halmashauri mamlaka ya kupanga, na kanuni za viwango zilizo chini yake zinataka mchoro wa makazi utenge maeneo ya wazi: pa kuchezea watoto, viwanja vya michezo, bustani. Shida inaanza mchoro ukishaidhinishwa. Kiwanja cha nyumba kina hati, kina bikoni, kina mwenyewe wa kupiga kelele kikiguswa. Eneo la wazi mara nyingi lina rangi ya kijani tu kwenye karatasi iliyofungiwa kabatini. Mpita njia anaona pori. Kesho inasimama fremu moja, keshokutwa ukuta, na siku greda linapokuja kubomoa, aliyeuza hayupo.

Hayo Dar es Salaam tumeyaona. Ajabu ni kwamba Mnazi Mmoja iliachwa wazi na wakoloni ili kuwatenga Waafrika wa Kariakoo na wengine. Nia ilikuwa mbaya, lakini ardhi ilibaki, leo ni ya wote. Mitaa tuliyopanga wenyewe ndiyo tumeimega.

Wapo watakaosema Uyui bado kuna mapori kibao, haraka ya nini? Haraka ni hiyo hiyo. Ardhi hutengwa kirahisi ikiwa bado bei chini. Ikishajengwa, kuirudisha ni fidia na kesi.

Na hili linatugusa kisiasa. Mikutano ya hadhara ilizuiwa 2016, ikaruhusiwa tena Januari 2023. Taarifa tunayopeleka polisi lazima itaje mahali. Tutaje wapi? Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi pale Tabora mjini ni mali ya CCM. Mji usio na uwanja wa umma unamfanya mpinzani awe mpangaji wa mshindani wake.

Kwa hiyo tudai mambo matatu Isikizya, na popote ulipo wewe unayesoma. Mchoro ubandikwe ofisi ya kijiji na ya kata, kila mtu auone. Maeneo ya wazi yawekewe bikoni na kibao kabla kiwanja cha kwanza hakijauzwa. Na asibadilishe mtu matumizi ya eneo hilo bila tangazo kubandikwa pale pale na wananchi kupewa muda wa kupinga.

Vikao vya baraza la madiwani viko wazi kwa wananchi. Nenda, kaa nyuma, sikiliza. Kikiisha, mfuate diwani wako umuulize: maeneo yetu ya wazi ni mangapi, yana ukubwa gani, na bikoni zake ziko wapi? Akikosa jibu, usiache kurudi.