Flashi si dhambi, na filamu si dini

Kuna msee wa Nairobi aliniambia ati kutumia flashi na kamera ya filamu ni kama kutia Royco kwenye mursik. Nilicheka. Halafu nikakaa na hasira siku tatu.

Si yeye peke yake. Kuna kundi zima la wasee wa filamu wameamua mwanga wa jua ndio mtakatifu, flashi ni ya harusi na ya matangazo ya simu. Wanangoja saa kumi na mbili kasorobo jioni, dem mmoja, ukuta mmoja, wanapiga, wanaenda. Sawa. Sasa kujeni Kapkatet. Huku mara nyingi saa nane mchana wingu limefunga, saa tisa mvua inapiga mabati, na mama aliyekuwa akichuma chai tangu asubuhi akimaliza kupimiwa majani anafika nyumbani giza likiingia. Anaenda jikoni. Jikoni kuta ni nyeusi kwa moshi, dirisha ni kama daftari. Ukiniambia "mwanga wa asili pekee", unachosema ni kwamba huyo mama asipigwe picha.

Na wengi hawajapigwa. Angalia programu za mazishi huku kwetu. Mzee wa miaka 80, na picha ya mbele ni ile ya kitambulisho, imekuzwa mpaka macho yamebaki madoa. Hiyo ndiyo sababu nabeba flashi. Kuonekana msanii ni kitu kingine.

Kamera yangu ni Mamiya RB67, muundo uliotoka Japani mwaka 1970. Haina betri, ina zaidi ya kilo mbili, na roli moja ya filamu ya 120 inakupa picha 10, basi. Lakini shata yake iko ndani ya lenzi, kwa hivyo inaelewana na flashi kwa spidi zote mpaka 1/400. Kamera nyingi za kisasa, bila ujanja wa ziada, zinakwama karibu na 1/200. Mashine ya umri wa babu yako, bana! Nachomeka waya mfupi kwenye kitundu cha lenzi, waya unaingia kwa triga ya redio, na flashi yenyewe iko kule kando, binamu yangu ameishika nyuma ya mwavuli mweupe. Kwenye fleti yako ungeielekeza tu kwa dari nyeupe. Hapa moshi umekula kila kitu, ukuta haurudishi mwanga hata kidogo.

Kamera na flashi haziongei chochote isipokuwa "sasa!" Nguvu unapanga mwenyewe. Tundu la lenzi linaamua flashi itaonekana kiasi gani, spidi inaamua mwanga wa chumba au wa anga. Niliazima kamera ya dijitali nikajaribu mpaka nikapata namba ya flashi yangu na huo mwavuli: 32. Unagawanya kwa umbali. Mita 2, f/16. Mita 4, f/8. Nina kamba yenye mafundo ya kupimia. (Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, lakini kugawanya bado najua.)

Wanasema flashi inadanganya. Wanamtaja Seydou Keïta wa Bamako, ati alitumia jua. Kweli, alipiga wateja wengi uani mchana. Lakini Malick Sidibé, Bamako hiyo hiyo, miaka ya 1960 alizunguka na flashi kwenye densi za usiku, na zile picha ziko hai kuliko sisi. Hapa Kenya, Parekh alikuwa na studio yake Mombasa, watu wanavaa vizuri, wanaenda kuwekewa taa. Nani aliwaambia wanadanganya? Nakubali kitu kimoja: flashi ikikaa juu ya kamera na kumwangalia mtu usoni, uso unakuwa sahani. Ndio maana naitoa huko.

Na sijifanyi mjuaji. Roli ya kwanza ya Kogo niliiharibu yote. Kwenye lenzi kuna kiswichi cha M na X. M ni ya zile balbu za kitambo za kuungua mara moja. Zilichelewa kidogo kuwaka, kwa hivyo kamera inaiwasha balbu kwanza, halafu ndio shata inafunguka. Flashi ya leo haichelewi. Ikiwa uko kwa M, inamaliza kazi shata ikiwa bado imefungwa. Nilikuwa kwa M. Flashi ikawaka mara 10, Kogo akakodoa macho mara 10, na filamu ikarudi kutoka Nairobi tupu, safi kama kioo cha dirisha.

Nikamwambia Kogo kamera ilikuwa imelala. Akaniangalia tu. "Basi iamshe, weri. Mimi sitakuwa hapa kila siku."

Mara ya pili niliweka X. Ameketi karibu na moto, mwanga unatoka kushoto, unaona kila mkunjo wa shavu na vidole vyeusi kwa utomvu wa chai. Nyuma yake giza limebaki giza, vile huwa. Aliishika picha muda mrefu, akauliza kama inaweza kuwekwa kwa fremu. Sasa anataka nyingine akiwa na viatu vyake vya kanisa.

Nimebakisha roli moja. Wewe wa Royco, Jumamosi binamu yangu hayuko. Kuja ushike mwavuli.