Gari la Fahari Lijaribiwe na Anayeliendesha

Umezuka katika nchi zetu za Afrika Mashariki mtindo wa kulipima gari kwa macho. Likiwa limenyanyuka kutoka ardhini, viti vyake vimevikwa ngozi na taa zake zina makali, basi huhesabiwa kuwa gari bora, na aliye ndani yake huhesabiwa kuwa mtu mzito. Hatuna ugomvi na mwananchi anayetumia jasho lake kununua akipendacho. Lakini gari likinunuliwa kwa fedha za umma, kisha akakabidhiwa mtu mwingine aliendeshe kutwa, macho peke yake hayatoshi. Wahenga walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kiti cha gari nacho ni vivyo hivyo.

Magari tunayoyazungumzia ni yale yenye sura ya gari la porini na mifupa ya gari la mjini. Gari la porini la zamani lilikuwa na bodi iliyowekwa juu ya chesisi ya chuma. Haya ya leo bodi na mifupa yake ni kitu kimoja, kama ilivyo katika gari dogo la kawaida. Mojawapo ya yaliyofungua njia ni Toyota Harrier, lililotoka Japani mwaka 1997 likiwa limejengwa juu ya msingi wa Camry, na kuanzia mwaka 1998 likauzwa ng'ambo kwa jina la Lexus RX 300. Leo magari ya jamii hiyo yamejaa katika barabara za Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Kuyatengeneza hivyo si kosa, kwani yana wepesi, na katika lami iliyonyooka hutulia vizuri. Kosa ni la mnunuzi anayedhani kwamba akinunua sura ya porini amenunua na mifupa yake.

Siku moja tulisafiri kutoka Kigali kwenda Rubavu katika gari la namna hiyo, lingali jipya. Jina la aliyelitengeneza hatutalitaja, kwa kuwa shabaha yetu si kumwaibisha mtu. Kwenye usukani alikuwa sajini mmoja, dereva wa miaka mingi, nasi tulikuwa maofisa watatu abiria. Safari hiyo ni ya kilomita zipatazo 150. Lami yake ni nzuri, lakini barabara inajipinda tangu Shyorongi hadi Gakenke, inapita Musanze, inapanda kwenye baridi ya Mukamira na Bigogwe, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kisha inateremka kuelekea Ziwa Kivu lililo kwenye mita zipatazo 1,460.

Hadi Musanze sisi abiria tulikuwa tukilisifu gari. Tulisifu ngozi, tulisifu redio, tulisifu ukimya wa injini. Sajini hakusema neno. Tulipofika Bigogwe aliomba ruhusa ya kusimama. Alishuka ameshika kiuno, akaanza kulipiga paja la kulia kwa ngumi ili kuliamsha. Tulimcheka na kumwambia kwamba uzee umembishia hodi. Akajibu kwa adabu: "Afande, kiti hiki kimetengenezewa mtu wa kupigwa picha."

Tulikuwa tukiteremka kuingia Nyakiriba jambo lenyewe lilipotokea. Mbele yetu, upande wa kulia, kijana mmoja alikuwa akiteremka polepole kwa baiskeli iliyobeba magunia mawili ya viazi. Sajini aliliondoa gari kidogo kushoto ili ampishe, kama kila dereva muungwana afanyavyo. Papo hapo usukani ukavuta wenyewe kurudi kulia, kuelekea kwenye baiskeli. Sajini aliung'ang'ania kwa mikono miwili. Mguu wake ulifika kwenye breki, lakini ulichelewa, kwa sababu ulikuwa umekufa ganzi tena. Tulimpita yule kijana kwa nafasi isiyozidi shibiri mbili. Yeye hakujua lililompata, akaendelea na safari yake. Sisi tulisimama Nyakiriba, tukashuka, na safari hii hakuna aliyecheka.

Hapo kando ya barabara ndipo tulipokitoa kitabu cha maelezo ya gari. Kilikuwa ndani ya kisanduku cha mbele, bado kimefungwa katika nailoni, nacho kimeandikwa kwa lugha ambayo sajini haisomi. Tukasoma kwamba gari lina kamera iliyo kwenye kioo cha mbele, ambayo hutazama mistari iliyochorwa barabarani. Magurudumu yakikaribia mstari bila taa ya kuashiria kuwashwa, mtambo hudhani kwamba dereva anasinzia, nao huugeuza usukani kumrudisha njiani. Katika barabara kuu za Ulaya, ambako baiskeli haziruhusiwi, huo ni msaada mkubwa. Katika barabara zetu, zinazotumiwa pamoja na mwenda kwa miguu, mbuzi na mchuuzi wa viazi, kukwepa ni kazi ya kila dakika. Dawa yake ni nyepesi: dereva awashe taa ya kuashiria kabla ya kukwepa, au auzime mtambo huo kwa swichi yake. Lakini hakuna aliyemwambia sajini maneno hayo machache. Sisi tuliompa funguo tulimpa na amri ya kuondoka tu.

Tatizo la kiti nalo lina sababu zake, wala si ulegevu wa dereva. Kiti kikiwa kifupi, paja hubaki likining'inia, na uzito wote huangukia sehemu ndogo ya mwili, ukibana damu na mishipa. Kiegemeo kisipoijaza nafasi ya kiuno, uti wa mgongo hujikunja kama upinde. Ngozi inayoteleza humlazimisha dereva kujikaza kwa magoti na mabega katika kila kona. Tena, ringi kubwa zenye matairi membamba zinapendeza machoni, lakini zinapunguza upepo na mpira ulio baina ya jiwe na mgongo wa mtu. Wataalamu wa mitikisiko wanafahamu kwamba kiwiliwili cha mtu aliyeketi hutikisika kupita kiasi kinaporushwa mara 4 hadi 8 kwa sekunde, na barabara mbovu huweza kumrusha mtu kwa kadiri hiyo hiyo.

Kuna na tabia za gari lenyewe. Kwa kuwa limenyanyuka, hulala upande katika kona kuliko gari la chini. Mengi ya jamii hii huvutwa na magurudumu ya mbele, ambayo pia ndiyo yanayolielekeza. Ukiingia konani kwa kasi, pua ya gari hutaka kwenda moja kwa moja. Katika mteremko mrefu, dereva wa gari la gia za kujibadili asipoteremsha gia, mzigo wote huachiwa breki, nazo zikipata moto hupungua nguvu. Mambo haya hayaonekani gari likiwa limeegeshwa mbele ya ofisi.

Wapo watakaosema kwamba dereva, hasa askari, hana budi kuvumilia. Sisi tuliopita katika chuo cha makadeti tulifundishwa kinyume cha hayo. Kabla ya matembezi marefu, ofisa hukagua miguu ya askari wake. Askari anayechechemea kwa sababu ya buti lisilomfaa hahesabiwi kuwa shujaa. Huhesabiwa kuwa kosa la ofisa wake. Kiti ndicho buti la dereva, na ukakamavu haujapata kuondoa ganzi katika mguu unaotafuta breki.

Katikati ya miaka ya 2000 Serikali ya Rwanda iliyakusanya magari mengi ya kifahari yaliyokuwa mikononi mwa maofisa wake na kuyapiga mnada. Hilo lilikuwa somo la gharama, na lilieleweka. Sasa tunapendekeza somo la pili, la kufaa.

Kwanza, kamati yoyote ya ununuzi isitie saini kabla dereva atakayelitumia gari hajaliendesha mwendo mrefu, katika milima na katika vumbi, si kuzunguka uwanja wa muuzaji. Maoni yake yaandikwe na yasomwe kikaoni. Pili, kila mtambo mpya uelezwe kwa dereva katika lugha anayoifahamu. Kiswahili kimekuwa miongoni mwa lugha rasmi za Rwanda tangu mwaka 2017, na kazi kama hii ndiyo inayokistahili. Tatu, mwendo mrefu uwe na vituo. Mapumziko ya dakika kumi baada ya kila saa mbili hayawezi kumchelewesha mkubwa yeyote kuliko ajali itakavyomchelewesha.

Wakati wa kurudi, mmoja wetu sisi maofisa alishika usukani kutoka Rubavu hadi Musanze, na sajini akakaa nyuma. Tulipofika Musanze, ofisa huyo alishuka ameshika kiuno, akasimama kando ya gari akilinyoosha paja. Sajini alimtazama, wala hakucheka. Alimfungulia mlango wa nyuma, akalikunja koti lake na kuliweka nyuma ya kiuno, akashika usukani wake.

Tulilopata kulijua kwa njia hiyo, wanaotia saini hati za ununuzi wanaweza kulijua mapema. Wanachotakiwa ni kuketi kwanza katika kiti cha mbele, siku nzima, kabla ya kukisifu kile cha nyuma.