Haianguki? Nani Kasema?

Na Baba Nasra

Fundi anayekata pikipiki ya mtu, akaichomelea tairi mbili nyuma, kisha akamkabidhi mwenyewe ufunguo bila kumfundisha kuiendesha, amemuuzia ajali. Sina namna laini ya kulisema.

Jumanne nilikuwa Tandika, kwenye gereji moja ya kuchomelea. Alikuja kijana wa magongo, mguu wa kulia umekatwa chini ya goti. Ni dereva wa bodaboda wa miaka mingi. Amefuata pikipiki yake iliyogeuzwa kuwa ya tairi tatu ili arudi kazini. Simdhulumu fundi: mishono ya chuma ilikuwa safi, na breki ya nyuma alishaitoa mguuni akaihamishia mkononi. Kijana akafunga magongo ubavuni, akawasha, akatoka huku anatabasamu.

Kona ya kwanza ilikuwa ya kulia. Akafanya kile ambacho mwili wake umekifanya miaka yote: akaegemea kulia, mkono wa kulia ukasukuma usukani mbele. Ya tairi mbili ingelala na kupinda kulia. Ya tairi tatu hailali. Inafuata tairi la mbele linakotazama, na tairi lilikuwa linatazama kushoto, kwenye meza ya mama wa nyanya. Nyanya zikatapakaa barabarani. Watu wakacheka. Kijana amekamata usukani, mikono inamtetemeka, na fundi hata nyundo hajaweka chini: “Atazoea tu, mzee. Hii haianguki.”

Haianguki! Inaanguka, tena vibaya. Kwa kuwa hailali ndani ya kona, uzito wote unatupwa nje. Ukiingia kasi tairi la ndani linanyanyuka, na ukipakia abiria au mzigo wa juu ndiyo kabisa. Marekani, mwaka 1988, watengenezaji wa pikipiki za tairi tatu za mashambani na mchangani walikubaliana na serikali kuacha kuziuza, baada ya vifo na majeruhi wengi, watoto wakiwamo. Hizo zilitoka kiwandani.

Nikainama kutazama chini ya pikipiki ya kijana. Cheni inazungusha tairi la kushoto peke yake, la kulia linafuata tu. Ukivuta mafuta, chombo kinasukumwa kulia. Breki nayo iko hukohuko kushoto, kwa hiyo ukiikamata kwa nguvu kinavutwa kushoto. Ongeza mashimo ya barabara zetu: bodaboda hupenyeza tairi zake katikati ya mashimo mawili, lakini mwenye tairi tatu ana njia tatu za kuchunga, na moja lazima ikute shimo.

Wazee wa Marekani wenye Honda Gold Wing, pikipiki ya safari ndefu yenye kilo zaidi ya 350, magoti yakichoka nao hugeuza zao kuwa za tairi tatu. Lakini kinachofungwa nyuma kina difu, shokapu zake na breki pande zote mbili. Wengi hubadilisha hata mlalo wa foki za mbele, maana usukani huwa mzito. Na yapo mafunzo maalumu ya tairi tatu, kwa watu walioendesha pikipiki maisha yao yote.

Mafundi wangu, ekseli ya nyuma ya guta chakavu ina difu na breki pande zote. Fungeni hiyo. Kisha mpelekeni mteja uwanja mtupu, azunguke polepole mpaka mikono yake ijifunze upya: usukani ugeuzwe kule unakokwenda, mwendo upunguzwe kabla ya kona, kifua kiegemee ndani. Kijana yule ameshapoteza mguu mmoja barabarani. Fundi asiyeweza kumtengea saa moja asipokee pesa yake.